Unapanda ndege leo? Mambo 5 ya kujua kabla hujaagiza chakula uwanjani

Umefika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere (JNIA), Dar es Salaam. Njaa inauma na ndege bado. Ule nini, na ule saa ngapi? Soma haya kwanza.

1. Mzigo kwanza, sahani baadaye
Mashirika mengi hushauri ufike saa 3 kabla ya safari ya nje ya nchi, na saa 2 kwa safari ya ndani. Kaunta hufungwa mapema, kwa safari za nje mara nyingi dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Ukifungiwa, nauli inaweza kupotea kisa chipsi. Kabidhi mzigo, kaguliwa, ndipo ukae kula.

2. Jua jengo lako
JNIA ina majengo 3 ya abiria. Jengo la Tatu lilizinduliwa Agosti 2019. Angalia tiketi kabla hujashuka kwenye bodaboda, usije ukala jengo moja na ndege iko lingine.

3. Mfuko umebana? Kula nje
Ndani bei huwa juu. Mama lishe wa Kipawa au Banana watakushibisha kwa hela ndogo, ila pigia hesabu foleni ya Barabara ya Nyerere. Chagua cha moto: supu na chapati, au chipsi mayai inayokaangwa ukiiona. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kachumbari iliyoshinda mezani iache, maana choo cha ndege kina foleni yake.

4. Maharage yasubiri
Ndege ikiwa juu, presha ya hewa ndani yake hushuka, inaweza kuwa sawa na ya mlimani mita 2,400. Gesi iliyo tumboni hutanuka kwa takriban asilimia 30. Ndiyo maana ukila maharage, kabichi na soda unajaa tumbo njiani. Wali samaki au ndizi nyama ni salama zaidi. Kunywa na maji, kwani hewa ya ndani ya ndege ni kavu.

5. Unafungasha?
Maandazi na chapati kwa kawaida hupita kwenye ukaguzi. Supu, uji, mtindi na siagi ya karanga huhesabiwa kama vimiminika. Kwa safari za nje, viwanja vingi vinataka chombo kisizidi mililita 100. Kama unaenda nchi za Umoja wa Ulaya, sambusa za nyama zimalize humo humo kwenye ndege. Nyama na maziwa kutoka huku haviruhusiwi kuingia kule.

La mwisho: ukisikia ndege yako inaitwa, acha sahani, nenda.