Mali Bila Daftari: Siku Waingereza Walipojiangalia Wenyewe

Mali bila daftari, wasema wahenga, hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara, mwenye duka na mwenye chombo. Lakini siku za watu nazo ni mali. Maneno yaliyosemwa ndani ya basi, gazeti lililosomwa na kutumiwa kufungia samaki, sura za jirani waliokusanyika mbele ya televisheni, yote hayo hupita kama upepo wa kusi na hayarudi. Historia huandika jina la mfalme na tarehe ya vita, wala haimuulizi kondakta wa basi alikunywa chai saa ngapi. Walitokea vijana watatu wa Kiingereza, wawili kati yao washairi, waliotaka kuifungulia daftari mali hiyo. Siku waliyoichagua kwa kazi yao kubwa ya mwanzo ilikuwa tarehe 12 Mei, 1937.

Siku hiyo Mfalme George VI alitawazwa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London. Magazeti yalijaa taji na fimbo ya enzi. Televisheni, iliyokuwa bado changa, ilitoka nje ya jengo lake kwa mara ya kwanza kwenda kuonyesha tukio kubwa likiwa linatokea. Na mabasi mekundu, ambayo ndiyo miguu ya mji ule, hayakuwapo barabarani, kwa kuwa madereva na makondakta walikuwa wamegoma. Kwa hiyo gazeti, televisheni na basi vilikutana siku moja, kila kimoja na kisa chake.

Kisa cha gazeti kilianza mwaka uliotangulia. Mwaka 1936 mfalme wa wakati huo, Edward VIII, alikuwa amempenda Bi Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuolewa mara mbili. Magazeti ya Marekani yaliandika habari hizo wazi. Magazeti ya Uingereza yalinyamaza, si kwa amri ya sheria bali kwa mapatano ya wenye magazeti na wakubwa wa nchi. Jarida la kigeni lililoingia nchini liliweza kumfikia msomaji likiwa limekatwa kurasa. Mnamo tarehe 1 Disemba Askofu wa Bradford, Alfred Blunt, alisema katika hotuba yake kwamba mfalme alihitaji neema ya Mungu, na siku ya tarehe 3 magazeti yakafungua midomo. Tarehe 10 mfalme alitia saini ya kuacha ufalme. Raia walizipata kwa juma moja tu habari walizofichwa kwa miezi, kisha magazeti yale yale yakaanza kuwaeleza wao, raia, wanafikiri nini juu ya jambo hilo.

Palikuwa na mtu ndani ya chumba cha habari aliyekerwa na mchezo huo. Huyo ni Charles Madge, mshairi kijana aliyekuwa mwandishi wa habari wa Daily Mirror. Aliona kila siku jinsi neno la mtu mmoja linavyogeuzwa kuwa “maoni ya wananchi”. Tarehe 2 Januari, 1937, jarida la New Statesman lilichapisha barua yake iliyotangaza kwamba yeye na wenzake walikuwa wanataka kuwachunguza Waingereza kwa kutumia Waingereza wenyewe. Katika ukurasa ule ule lilichapishwa shairi la kijana mwingine, Tom Harrisson. Harrisson aliliona shairi lake, akaisoma na barua iliyokaa karibu nalo, akamwandikia Madge. Ndivyo ujirani wa shairi na barua ulivyozaa jumuiya iliyopewa jina la Mass-Observation, yaani uangalizi wa watu wengi. Wa tatu wao alikuwa Humphrey Jennings, mshairi, mchoraji na mtengenezaji wa filamu.

Harrisson hakuwa mtu wa kukaa kitako. Alipokuwa kijana aliongoza hesabu ya ndege wa majini wenye kishungi nchini Uingereza, kwa msaada wa mamia ya wapenzi wa ndege waliotawanyika nchi nzima. Baadaye aliishi katika visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu, na kuandika kitabu juu ya watu wa huko. Aliporudi alijiuliza kwa nini Mzungu avuke bahari kuandika mila za watu wa mbali, ilhali mila za jirani yake hazina mwandishi. Akahamia Bolton, mji wa viwanda vya pamba kaskazini ya Uingereza. Alisema kuwa njia ya kumfikisha Bolton ilianzia visiwani, kwani kampuni kubwa ya biashara iliyojulikana hadi kule ilitokana na Lever, tajiri wa sabuni aliyezaliwa Bolton. Hapo mjini aliendesha lori, akauza dukani, akauza askrimu, na huku akisikiliza. Ile hesabu ya ndege ikawa sasa hesabu ya binadamu.

Njia yao ilikuwa nyepesi. Tangu Februari 1937, kila ifikapo tarehe 12 ya mwezi, watu waliojitolea, makarani, walimu, wanafunzi, wake wa nyumbani, waliandika kila walilolifanya na kulisikia tangu kuamka mpaka kulala. Ilipojulikana kwamba tarehe 12 Mei ndiyo siku ya kutawazwa mfalme, waliona bahati imewaangukia. Waliita waandishi zaidi, wakatawanya karatasi za maswali, na wakaweka kikosi cha kuzunguka London. Maandishi hayo yalikusanywa na kutolewa mwaka huo huo katika kitabu kiitwacho May the Twelfth, chini ya uhariri wa Jennings na Madge. Kitabu hakina hotuba ndefu ya wahariri. Kipande kinafuata kipande kwa mpangilio wa saa, kama filamu inavyounganishwa: huyu anaamka, yule yuko njiani, mwingine yumo katika kilabu cha pombe anasikiliza redio. Mfalme amo, lakini hayuko katikati. Katikati wako waliokwenda kumtazama, na waliokataa kwenda.

Na waliokwenda walikwenda kwa miguu, kwa treni au kwa tramu. Zaidi ya wafanyakazi 25,000 wa mabasi ya London walikuwa wameacha kazi tangu tarehe 1 Mei. Kwa mtazamaji wa mbali huo ulikuwa utovu wa adabu, kumharibia mfalme sherehe yake. Kwa mwenye usukani mambo yalikuwa mengine. Mabasi yalikuwa yameongezwa mwendo, ratiba zimekazwa, na muda wa kula umebanwa. Wafanyakazi walilalamikia maradhi ya tumbo na uchovu wa neva, wakadai siku ya kazi ya saa saba na nusu. Wenzao wa tramu hawakuitwa kuungana nao. Mgomo ulidumu karibu wiki nne, ukamalizika bila ya dai hilo kukubaliwa, na baadhi ya viongozi wake wakafukuzwa katika chama chao wenyewe cha wafanyakazi. Picha rasmi za siku ile zina gari la dhahabu na farasi. Pengo la basi lisilokuja halipigiki picha. Linahitaji mtu wa kuandika kwamba leo amekwenda kwa miguu.

Televisheni nayo ilikuwa na kipimo chake cha kuona na kutoona. Shirika la BBC lilikuwa limeanza matangazo yake ya kawaida ya televisheni tarehe 2 Novemba, 1936, kutoka Alexandra Palace, kaskazini ya London. Siku ya kutawazwa kamera tatu ziliwekwa Hyde Park Corner, na waya maalumu ukapeleka picha mpaka kwenye mitambo. Wachache wenye vyombo, waliokaa London na kandokando yake, waliuona msafara ukipita. Ndani ya kanisa kamera za televisheni hazikuingia. Filamu za sinema zilizopigwa humo zilipitiwa kwanza na Askofu Mkuu wa Canterbury, Cosmo Lang, na Duke wa Norfolk, ili chochote kisichofaa kiondolewe. Miaka kumi na sita baadaye, tarehe 2 Juni, 1953, alipotawazwa Elizabeth II, televisheni iliruhusiwa kuingia, na Waingereza zaidi ya milioni 20 walitazama, wengi wao wakiwa wageni sebuleni kwa jirani. Tangu hapo ikawa desturi kusema kwamba taifa zima limeona. Waangalizi wa 1937 walikuwa wamekwisha kuuliza swali la pili: je, aliyeona alikuwa anafikiri nini, na nani alikuwa jikoni akiosha vyombo?

Hata hivyo si haki kuwasifu bila ya kuwahoji. Macho hayana pazia, lakini watu wana heshima yao. Humphrey Spender, ndugu wa mshairi Stephen Spender, alipiga picha za Bolton kwa kamera aliyoificha ndani ya koti, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba kazi hiyo ilimtia wasiwasi. Yeye ni kijana wa tabaka la juu aliyesoma; anaowavizia ni watu wa kiwandani ambao hawakuombwa ruhusa. Je, kumhesabu mtu anywapo bia yake si kumfanya kama wale ndege wa majini? Wako walioita kazi yote hiyo umbea uliovishwa joho la elimu.

Vita vilipoanza swali likazidi uzito. Mwaka 1940 Mass-Observation ilikubali kulipwa na Wizara ya Habari ili itoe ripoti juu ya moyo wa raia: wanaogopa, wanalalamika, wanasema nini foleni na ndani ya mabasi? Magazeti yaliwakejeli wadadisi wa serikali kwa kuwaita wapelelezi wa Duff Cooper, waziri wa wizara hiyo. Akumulikaye mchana, usiku hukuchoma. Chombo kilichoundwa ili raia wajijue wenyewe kilikuwa sasa kinawawezesha watawala kuwajua raia. Madge hakuridhika, akajitoa. Jennings alikuwa amekwisha kuondoka na kugeukia filamu. Mwaka 1949 jumuiya ikageuzwa kuwa kampuni ya kuchunguza soko, ikiuliza watu sabuni gani wanaipenda.

Lakini mbegu njema ilikuwa imekwisha kupandwa. Tangu 1939 mamia ya watu walikubali kuandika shajara na kuzituma kwa posta. Mmoja wao alikuwa Nella Last wa Barrow-in-Furness, mji wa kuunda meli. Alianza akiwa na umri wa miaka 49, mama wa watoto wawili wa kiume waliokwisha kukua, mke wa seremala. Hakuna aliyemvizia huyu. Kalamu aliishika mwenyewe. Aliandika juu ya unga na mayai ya mgao, mabomu yaliyouangukia mji wake mwaka 1941, kazi ya kujitolea, na ukimya wa ndoa yake. Katika kuandika akagundua kwamba hakuwa tena mwanamke mwoga aliyekuwa zamani. Hakuacha mpaka mwaka 1966. Sehemu ya shajara yake ilichapishwa mwaka 1981, na mwaka 2006 televisheni ya ITV ilionyesha mchezo uliotokana nayo, Victoria Wood akiwa ndiye Nella. Televisheni iliyowahi kusubiri nje ya mlango wa kanisa ikaingia hatimaye katika jiko la mama wa nyumbani.

Fundisho kubwa zaidi alilitoa Harrisson uzeeni. Alipokuwa akitayarisha kitabu chake juu ya mabomu yaliyoishukia Uingereza, aliwaomba baadhi ya walioandika wakati wa vita waandike tena, bila ya kuyatazama maandishi yao ya kwanza, yale wanayoyakumbuka baada ya miaka thelathini na zaidi. Alipoweka karatasi mbili kando kwa kando, zilifanana kidogo mno. Watu hawakusema uongo. Walikuwa wamesoma magazeti, wametazama filamu, wamesikia hotuba za ushujaa, na polepole hadithi ya taifa imeingia mahali pa kumbukumbu ya mtu. Hofu ya usiku ule imekuwa ujasiri. Ugomvi wa handakini umekuwa umoja. Kisichoandikwa siku yake huja kuandikwa na wengine.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1976, na mwandishi wake hakukiona. Mwezi Januari mwaka huo, nchini Thailand, basi alilopanda Harrisson na mkewe liligongana na lori, wakafariki wote wawili. Makaratasi aliyoyakusanya yalikuwa yamekwisha kupata makazi katika Chuo Kikuu cha Sussex. Mwaka 1981 wito wa kuandika ulianza upya, na tangu 2010 kila tarehe 12 Mei yeyote anayeishi Uingereza hualikwa kuituma siku yake. Tarehe 12 Mei, 2020, wakati maradhi ya korona yamewafungia watu majumbani na mabasi yakipita matupu, zilipokelewa shajara zaidi ya 5,000.

Katika makasha hayo mfalme ana karatasi zake chache. Zilizobaki ni za waliokwenda kwa miguu kwa kuwa basi halikuja, waliosoma gazeti bila ya kuliamini, na waliobaki jikoni televisheni ikiwaka sebuleni. Mali yao haikupotea, kwa kuwa ina daftari.