Mazembe na Inter: fainali ya Abu Dhabi, 2010

Tarehe 18 Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilicheza na Inter Milan ya Italia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, kule Abu Dhabi. Mbele ya hapo, fainali hiyo ilikuwa ya Ulaya na Amerika ya Kusini tu.

Mazembe iliingia kama bingwa wa Afrika. Ilipiga Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Kipa Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka ameketi chini, dunia nzima ikamjua. Mputu hakuwepo, sababu FIFA ilikuwa imemsimamisha.

Siku ya fainali Inter haikungoja: Pandev dakika ya 13, Eto'o ya 17, Biabiany ya 85. Ikaisha 3-0.

Lakini mlango ulifunguka. Mwaka 2013 Raja Casablanca ya Maroko nayo ikafika fainali. Kwetu, Maniema Union ya Kindu ilicheza makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025. Kijana wa Kasongo ao Kabambare ajue: ile ligi njo njia yenye Mazembe ilipitia.