Pembe ya Shingo

Makambako ndipo barabara itokayo Songea na Njombe inapokutana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Tangu reli ya TAZARA ikabidhiwe mwaka 1976, mizigo hushuka hapo kwa lori na kwa treni. Hatua ya mwisho, kama zamani, mara nyingi ni kichwa cha mtu: ngata, kisha kuni, ndoo ya maji au debe la viazi.

Shingo za wabebaji zimewashughulisha madaktari kwa miaka mingi. Mwaka 1968 Lawrence Levy, daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu mjini Salisbury, yaani Harare ya leo, aliandika kuhusu shingo ya mpagazi katika British Medical Journal. Mwaka 2002 Echarri na Forriol wakachapisha uchunguzi wa eksirei za wabeba kuni wa Kongo. Kusema shingo imenyooka, yaani imepoteza upinde wake wa kawaida, ni rahisi. Kazi ni kusema imenyooka kwa nyuzi ngapi, na mwingine akipima apate hizo hizo.

Ukipigwa picha kutoka ubavuni, pingili saba za shingo kwa kawaida hujipanga kama upinde uliotuna kuelekea kooni. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei Novemba 1895, lakini kipimo kilichoenea sana kilisubiri zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1948 John Cobb, daktari wa mifupa wa New York, alieleza namna ya kupima migongo iliyopinda upande: mstari kwenye pingili ya juu, mwingine kwenye ya chini, kisha kila mmoja unasimamishiwa mstari wa pembe mraba, na pembe inasomwa pale mistari hiyo inapokatana. Penseli, rula na kipimapembe vilitosha. Madaktari wa shingo wakaiazima njia hiyo, wakipima kuanzia pingili ya pili hadi ya saba.

Kuazima kulikuwa na gharama. Kitako cha pingili ya shingo si tambarare, na mtu akizeeka huota ncha za mfupa pembeni. Huyu ataanzia mstari hapa, yule pale. Mwaka 2000 Deed Harrison na wenzake walilinganisha njia ya Cobb na ile ya kuchora mistari inayofuata mgongo wa pingili, kwa nyuma. Zote mbili zilitoa majibu yanayorudiwa vizuri, ila hii ya pili ilikuwa na kosa dogo zaidi. Hata hivyo ya Cobb ndiyo bado inatawala. Mazoea ni magumu kuyang'oa.

Na nini maana ya wapimaji kukubaliana? Hapo waliosaidia ni watakwimu. Mwaka 1986 Martin Bland na Douglas Altman walionyesha katika Lancet kwamba namba za wapimaji wawili zinaweza kupanda na kushuka pamoja bila wao kukubaliana: mmoja akisoma nyuzi 10 zaidi kila mara, uwiano utakuwa kamili, na mgonjwa atakuwa na shingo mbili.

Kabla ya penseli kuna chumba cha eksirei. Kidevu kikiinuliwa, upinde unaongezeka, kikishushwa, unapungua. Mabega yasiposhushwa, huificha pingili ya saba, na mpimaji akaishia ya sita bila kuandika. Mashine ikisogezwa karibu, picha hukuzwa: pembe haibadiliki sana kwa hilo, lakini umbali wa milimita hudanganya.

Mgonjwa wa Njombe anayepewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, husafiri zaidi ya kilomita 600, na huko shingo yake itapimwa na macho mengine. Kwa hiyo anayeandika ripoti huku asiishie kwenye namba: ataje pingili alizopimia, njia aliyotumia, na kama mgonjwa alisimama, alikaa au alilala.