Nduthi ni Yako, Betri ni ya Nani?

Kama unakaa Baba Dogo unajua asubuhi zetu. Malori ya viwandani yanapiga honi, mathree za namba 25 zinaita watu wa tao, nduthi zinanguruma stejini. Siku hizi kuna nduthi zingine zinakuja kimya. Unaskia tu tairi kwa lami, kumbe mtu ashafika nyuma yako.

Binamu yangu anaendesha moja ya hizo za stima. Jumatatu moja ilikataa kuwaka. Haikuwa imeharibika. Alikuwa amechelewesha malipo siku mbili, na kampuni ikazima betri kutoka ofisini. Siitaji jina. Alikaa nyumbani siku nzima na wateja wake wakabebwa na wengine.

Mimi niliacha kampasi, lakini kusoma historia sikuacha. Nikajiuliza: tulifikaje hapa?

Boda boda ilianza Busia miaka ya 1960, na ilikuwa baiskeli. Kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na mwendo wa kutembea, na vijana wakaanza kuvusha watu na mizigo wakiita "boda, boda". Nguvu ilitoka kwa miguu ya dereva. Akishiba ugali, chombo kimejaa mafuta.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na zile za kutoka India na China zikajaa mtaani. Vijana wengi walianza na ya mdosi, wanalipa kwa siku, lakini ukimaliza deni ni yako. Na petroli unaweka popote. Ukikosana na petrol stesheni moja, unaenda ya pili.

Sasa, wengi hudhani gari la stima ni kitu cha juzi. Zii. Agosti 1897 Walter Bersey alileta teksi za stima London. Watu waliziita Hummingbirds kwa sababu ya mlio wao. Betri ilikuwa nzito sana, kwa hivyo ikiisha gari lilirudi karakana ya kampuni, mashine ikatoa ile iliyoisha na kuweka iliyojaa. Ni swap kabisa, vile unaona leo! Lakini gharama zilipanda, magari yakaharibika, na 1899 kampuni ikafunga. Huo ndio mwaka reli ilifika hapa Nairobi. Karakana ikifungwa, teksi inabaki sanduku tu. Baadaye petroli ikatawala, na sababu moja ni kwamba mtu yeyote mwenye duka na mtungi angeweza kuiuza.

Kwetu stima imerudi na nguvu. Ampersand ilianza Rwanda 2019, halafu ikaingia Nairobi. Roam ilifungua kiwanda Mombasa Road 2023. Mwaka huohuo EPRA iliweka bei maalum ya stima ya kuchaji magari, na Septemba lita ya petroli Nairobi ikapita shilingi 200. Hesabu iko wazi. Stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, na hakuna moshi wa kumpulizia mtoto anayeenda shule. Hata binamu yangu anakubali kwamba siku nduthi inawaka, anabaki na doo zaidi kuliko zamani.

Kwa hivyo sipingi stima. Ninachosema ni kwamba miaka hii yote dereva alichagua mwenyewe atatoa nguvu wapi. Leo kwa mipango mingi unanunua nduthi, lakini betri unakodi, na inaingia tu kwa vituo vya kampuni hiyo moja. Mdosi wa zamani alilazimika kukufuata stejini ndio achukue funguo, na mngeongea. Huyu wa sasa hata hakujui sura.

Nataka betri ya kampuni moja iingie kwa nduthi ya nyingine, na sheria iseme mtu apewe siku ngapi kabla ya kuzimwa. Lakini hiyo bado. Kwa sasa, buda, kabla ya kuweka sahihi uliza mambo matatu: betri ni ya nani, nani anaweza kuizima, na kampuni ikifunga nitachaji wapi? Wakikosa jibu, rudi nyumbani ufikirie tena.