Mzee Kitereza na Ukerewe aliyoijenga upya

Kuna jambo linanichekesha na kunisikitisha kwa wakati mmoja. Kaa kijiweni na vijana wasomi wa mjini, iwe Mwanza au Dar, halafu itaje The Lord of the Rings. Filamu zile tatu zilitoka mwaka 2001, 2002 na 2003, lakini hadi leo utapata mtu wa kukueleza wale watu wafupi wa kule wanakula mara ngapi kwa siku, wanasherehekeaje siku ya kuzaliwa na wanagombania mirathi kwa namna gani. Mila na desturi za watu ambao hawajawahi kuwepo! Sasa muulize mtu huyohuyo: Mkerewe wa zamani alikuwa anamrudishaje nyumbani mke aliyechukuliwa na wazazi wake? Kimya. Na Ukerewe yenyewe iko hapo, unapanda meli asubuhi na mchana uko Nansio.

Sina ugomvi na Tolkien, nieleweke vizuri. Filamu zake nimezitazama, tena kwa kurudia. Ninachotaka kusema ni kwamba miaka ileile profesa huyo wa Oxford alipokuwa akijenga ulimwengu wake (alianza mwishoni mwa 1937 na kumaliza 1949), huku kwetu, ndani ya Ziwa Victoria, kulikuwa na mzee mwingine akifanya kazi inayofanana na hiyo. Jina lake Aniceti Kitereza.

Kwa wasiomfahamu, Kitereza alizaliwa mwaka 1896 kisiwani Ukerewe, katika ukoo wa watawala, Wasilanga. Angalia mwaka huo vizuri. Mwaka mmoja tu kabla, yaani 1895, Wajerumani walikuwa wamemng'oa omukama Lukonge na kumweka Mukaka mahali pake. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa wakati ufalme upo lakini mwenye amri ni mwingine. Akasomeshwa na wamisionari Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alikaa miaka kama kumi akisoma Kilatini na mengineyo. Upadri hakuufikia. Akarudi, na mwaka 1919 akamwoa Anna Katura. Baadaye akawa mwalimu wa dini na mfasiri wa misheni.

Mwaka 1945 mtu huyu, Mkatoliki safi, mwalimu wa dini, alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, pamoja na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Na ndani ya riwaya hiyo hakuna Mzungu. Hakuna misheni, hakuna kodi ya kichwa, hakuna bwana shauri. Mwandishi aliyelelewa na kanisa tangu utotoni aliamua kujenga Ukerewe ambayo kanisa halijafika!

Hapo ndipo ninaposema kwamba alijenga, wala hakunakili tu. Ukerewe ile hakuiona yote kwa macho yake. Alisimuliwa na wazee, akakumbuka mengine ya utotoni, akayaunganisha mpaka yakawa nchi nzima yenye mashamba, njia, misemo, dawa na ugomvi wa wakwe.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno: mwanamke gani huyu, oa mwingine. Maneno yanawafikia wazazi wa Bugonoka, nao wanamchukua binti yao. Myombekere anagoma kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kuomba, na huko anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Basi hapo msomaji mwenye haraka atachoka, maana Kitereza hakupeleki mbio. Utafuata ndizi tangu zinapotafutwa kwa jamaa, zinapoivishwa, zinapokamuliwa na majani, zinapochachuka, hadi zinapokuwa pombe na kubebwa kwenda ukweni. Utasoma wageni wanavyosalimiana, nani anaanza, nani anajibu, nani anakaa wapi. Baadaye mganga Kibuguma anamtibu Bugonoka, na watoto wanapatikana.

Kwa nini mwendo wa kobe namna hiyo? Kwa sababu katika jamii ile pombe haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa hati ya mahakama. Faini ikilipwa kwa mitungi, kijiji kizima kinaiona njiani na kinaionja, kwa hiyo kila mtu ni shahidi kwamba ndoa imerudi. Hakuna karani aliyeandika, lakini hakuna anayeweza kukana. Ukilielewa hilo utaona kwamba kurasa zile nyingi za ndizi ni kurasa za sheria.

Wengine mtaniambia, mbona tunaye Shaaban Robert? Ni kweli. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi ya kubuni kabisa, ipo angani, inatuma wajumbe pande sita, na Karama anashtakiwa humo kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Lakini Shaaban Robert alibuni nchi ili aseme ya hapa duniani bila kutaja jina la mtu, wakati mkoloni bado yuko kitini. Watu wa Kusadikika hatujui wanapikaje wala wanazikanaje, na hatuhitaji kujua. Kitereza alikwenda njia ya kinyume. Alichukua watu wa kweli, akawapa majina ya hadithi, kisha akahakikisha kwamba jikoni kwao na shambani kwao hakuna kilichosahaulika.

Je, basi tuisome kama kitabu cha historia? Hapa inabidi tuwe makini. Mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, aliyefanya utafiti Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960, alitoa mwaka 1976 kitabu kuhusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu kati ya 1800 na 1895. Humo utaikuta Ukerewe ya pembe za ndovu, ya misafara, ya maradhi mageni na hofu ya uchawi. Ukerewe ya Kitereza imetulia zaidi. Inatazama uani kuliko bandarini. Anayemsoma Kitereza peke yake anaweza kudhani kisiwa kile kilikuwa kimejifungia na dunia, kumbe sivyo. Na tusijidanganye kwamba zamani ile ilikuwa pepo: Bugonoka anabebeshwa lawama ya utasa mbele ya ukoo mzima, na hakuna anayemuuliza kwanza anajisikiaje. Kitereza hakulificha hilo. Ameliweka mwanzoni kabisa mwa kitabu.

Na kuna sababu ya kuliweka pale. Kitereza na mkewe Anna walizaa watoto, na watoto wote wakafariki. Waliishi hadi uzeeni bila mtoto hata mmoja. Mtu wa ukoo wa kitawala, katika jamii ambayo asiye na mtoto hana wa kulitaja jina lake, hakumwacha mkewe wala hakuoa mwingine. Sasa rudi kwenye riwaya. Myombekere naye anashikilia mke mmoja. Lakini Myombekere anapata dawa. Anapata mwana na binti, ingawa majina yao bado yanabeba msiba: Ntulanalwo ni mtu anayeishi na kifo siku zote, na Bulihwali ni swali, kwamba huzuni itakwisha lini. Mila zote za humo Kitereza alizikusanya kwa wazee. Dawa ya Kibuguma, naona, aliitafuta mwenyewe kwa ajili ya nyumba yake.

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Tolkien alitunga lugha ambazo hakuna kijiji duniani kinachozizungumza, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1954 na 1955. Kitereza aliandika kwa lugha inayozungumzwa na watu hai, wenye ng'ombe na mitumbwi, lakini mswada wake ukakwama kwa sababu lugha hiyo ni ndogo, nani atanunua? Padri Almas Simard, Mkanada aliyekuwa amemtia moyo, alijaribu kumtafutia mchapishaji lakini hakufanikiwa. Miaka ikaenda. Hartwig na mkewe Charlotte walipofika, Charlotte akamhimiza mzee atafsiri kazi yake kwa Kiswahili. Fikiria umri wake: amepita miaka 70, na anaanza upya kitabu alichokimaliza mwaka 1945! Alikifanya mwenyewe. Tanzania Publishing House wakakichapa kwa Kiswahili mwaka 1980, juzuu mbili. Kitereza akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Baada ya hapo Wajerumani wakakitafsiri miaka ya 1990. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi na mzaliwa wa Ukerewe, ambaye hakupitia Kiswahili bali alirudi kwenye mswada wenyewe wa Kikerewe.

Mimi nalitazama ziwa karibu kila siku kutoka huku Mkuyuni, na kila nikiona watu wanateremka na mizigo kutoka visiwani najiuliza ni wangapi kati yetu wanajua kwamba moja ya riwaya ndefu kuliko zote za Kiswahili ilizaliwa kule. Shuleni tulisoma vitabu vingi, hiki hatukukigusa.

Hoja yangu si kwamba tuache kutazama filamu za watu. Tazameni. Hoja ni kwamba ulimwengu wa kubuni unaotuvutia huko unatuvutia kwa sababu mtu alikaa chini akauliza: watu hawa wanasalimianaje, wanalipana nini wakikosana, wanamlilia nani? Maswali hayohayo bado unaweza kumuuliza bibi yako wiki hii, iwe ni Msukuma, Mjita, Mkara au Mkerewe. Tofauti ni kwamba wa kwenye filamu watasubiri, hata miaka 50. Bibi hawezi.