Upasuaji wa Kidole Tumbo kwa Mama Mjamzito: Kuchelewa Ndiko Kunakohatarisha Mimba

Mama mjamzito anapopata maumivu makali ya tumbo, jambo la kwanza linaloitia hofu familia ni usalama wa mimba. Madaktari wanapobaini kuwa chanzo cha maumivu ni kidole tumbo na kwamba upasuaji unahitajika, hofu hiyo huongezeka. Wapo wanaoomba upasuaji usubiri hadi mama ajifungue, na wapo wanaoamini kuwa tumbo lenye mimba likipasuliwa mtoto hawezi kupona.

Uzoefu wa tiba uliokusanywa kwa zaidi ya karne moja unaonesha vinginevyo. Wajawazito wengi wanaofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mapema huendelea na mimba zao na kujifungua watoto wenye afya. Hatari kubwa zaidi kwa mama na mtoto hutokana na kidole tumbo kupasuka kabla ya mama kupata tiba.

Ugonjwa wenyewe

Kidole tumbo ni kifuko chembamba kilichoungana na mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia wa tumbo. Njia yake inapoziba, uchafu na bakteria hukwama ndani, kifuko huvimba na mtiririko wa damu katika kuta zake hupungua. Kisipoondolewa kwa wakati, huweza kutoboka na kumwaga usaha ndani ya tumbo.

Ugonjwa huu ndio sababu inayoongoza kwa wajawazito kufanyiwa upasuaji wa dharura usiohusiana na uzazi. Makadirio yanayotumika katika vitabu vya tiba ni mama 1 katika kila wajawazito 800 hadi 1,500. Unaweza kutokea katika kipindi chochote cha ujauzito, ingawa hujitokeza zaidi katika miezi mitatu ya kati.

Tatizo hili halijaanza leo. Mwaka 1848, daktari bingwa wa upasuaji Henry Hancock wa London alieleza ugonjwa wa mwanamke aliyeugua akiwa na mimba ya takriban miezi minane. Daktari huyo alifungua tumbo na kutoa usaha uliotokana na kidole tumbo, na mama akapona. Mwaka 1908, daktari Edmund Babler wa Marekani alichapisha hoja ambayo madaktari wanaifundisha hadi sasa, kwamba vifo vinavyotokana na kidole tumbo wakati wa ujauzito ni vifo vinavyosababishwa na kuchelewa.

Kwa nini ni vigumu kuutambua

Kwa kawaida maumivu ya kidole tumbo huanza karibu na kitovu, kisha huhamia upande wa chini kulia na kuongezeka mama anapotembea au kukohoa. Huambatana na kukosa hamu ya kula, kichefuchefu na kutapika. Homa inaweza kuwepo au isiwepo.

Kwa mjamzito, dalili nyingi kati ya hizo hufanana na hali za kawaida za ujauzito. Kichefuchefu na kutapika ni vya kawaida katika miezi ya mwanzo. Chembe nyeupe za damu, ambazo kuongezeka kwake huashiria maambukizi, huongezeka pia kwa mjamzito mwenye afya na zinaweza kufika 15,000 katika kila maikrolita ya damu. Aidha, mfuko wa uzazi unapokua huweza kukisukuma kidole tumbo juu kuliko mahali pake pa kawaida, hivyo baadhi ya wajawazito huhisi maumivu karibu na mbavu za kulia. Hata hivyo, maumivu ya upande wa chini kulia hubaki kuwa dalili ya kawaida zaidi katika vipindi vyote vya ujauzito.

Yapo pia magonjwa mengine yenye dalili zinazofanana, yakiwemo maambukizi ya njia ya mkojo, mawe ya figo, uvimbe wa kifuko cha mayai, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati na uchungu wa kujifungua kabla ya miezi kutimia. Kila moja lina tiba yake, na mengine nayo ni ya dharura. Ndiyo maana maumivu ya namna hii hayapaswi kuhukumiwa nyumbani.

Vipimo vinavyotumika

Kipimo kinachotangulia ni ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi, na pia humwezesha daktari kuangalia hali ya mtoto na kondo la nyuma. Katika miezi ya mwisho kidole tumbo huweza kutoonekana kwa ultrasaundi, hivyo majibu yasiyoonesha ugonjwa hayatoshi kuuondoa. Pale penye huduma hiyo, kipimo kinachofuata ni MRI, ambayo nayo haina mionzi. CT-Scan hutumia mionzi na kwa kawaida huachwa hadi pale ambapo MRI haipatikani na uamuzi hauwezi kusubiri.

Pale ambapo hakuna vipimo hivyo vikubwa, uchunguzi wa daktari unaorudiwa kila baada ya saa chache, pamoja na vipimo vya damu na mkojo, hubaki kuwa msingi wa uamuzi.

Upasuaji unavyofanyika

Upasuaji unaohitajika unaweza kufanyika katika kipindi chochote cha ujauzito. Chama cha Madaktari Bingwa wa Wanawake na Uzazi cha Marekani (ACOG) kinaelekeza kuwa mjamzito asinyimwe upasuaji anaouhitaji kwa sababu ya umri wa mimba, wakati upasuaji usio wa lazima huahirishwa hadi baada ya kujifungua. Chama hicho pia kinaeleza kuwa dawa za usingizi na ganzi zinazotumika sasa, kwa viwango vya kawaida, hazijathibitika kusababisha ulemavu kwa mtoto aliye tumboni.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa wazi, ambapo tumbo hufunguliwa kwa mkato mmoja. Ya pili ni upasuaji wa matundu madogo kwa kutumia kamera, ambao humwezesha mama kupona kwa haraka zaidi lakini huhitaji vifaa maalumu na daktari mwenye ujuzi huo. Uchaguzi hutegemea umri wa mimba, hali ya mama na uwezo wa hospitali.

Timu ya wataalamu huchukua tahadhari za ziada. Kuanzia takriban wiki ya 20, mama hulazwa akiwa ameinamishwa kidogo upande wa kushoto ili mfuko wa uzazi usiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kabla na baada ya upasuaji. Mimba inapokuwa kati ya wiki 24 na 34 na kuna uwezekano wa mama kujifungua mapema, daktari huweza kumpa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Hali ya mimba baada ya upasuaji

Takwimu zilizozoeleka katika maandiko ya tiba zinaonesha kuwa kidole tumbo kikitolewa kabla ya kupasuka, mimba zinazopotea ni kati ya asilimia 3 na 5. Kikipasuka na usaha kusambaa tumboni, kiwango hicho huweza kufika asilimia 20 au zaidi.

Utafiti mkubwa uliofanyika katika jimbo la California, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, ulichambua kumbukumbu za wajawazito zaidi ya 3,000 waliofanyiwa upasuaji huo. Mimba zilizopotea zilikuwa asilimia 2 kwa waliokuwa na kidole tumbo kisichokuwa na madhara zaidi, na asilimia 6 kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umeshaleta madhara kama vile kutoboka au usaha. Viwango hivyo ni vya chini kuliko vilivyozoeleka, lakini tofauti kati ya makundi mawili inaelekea upande uleule: mimba hupotea zaidi pale ugonjwa unapokuwa umesonga mbele.

Utafiti huo ulitoa pia funzo la pili. Kwa wajawazito ambao baada ya kufunguliwa tumbo walikutwa kidole tumbo kiko salama, mimba zilizopotea zilikuwa asilimia 4. Kwa maana hiyo, uharaka unaotakiwa ni wa kumfikisha mama kwa mtaalamu na kumchunguza kikamilifu, si wa kumpasua bila kuwa na uhakika wa kutosha.

Kuhusu kujifungua kabla ya wakati, uchambuzi wa kumbukumbu za wajawazito 778 waliofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo nchini Sweden kati ya mwaka 1973 na 1981 ulionesha kuwa hatari hiyo huongezeka katika wiki ya kwanza baada ya upasuaji, hasa mimba inapokuwa imevuka miezi mitano na nusu. Wiki hiyo ikipita bila mama kujifungua, hatari ya kupata mtoto njiti haikuonekana kuongezeka tena. Vilevile, uchambuzi huo haukuonesha ongezeko la watoto waliozaliwa na ulemavu.

Je, dawa pekee zinatosha?

Kwa baadhi ya watu wasio wajawazito, kidole tumbo ambacho hakijapasuka hutibiwa kwa viuavijasumu bila upasuaji. Kwa wajawazito, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 uliotolewa na Chama cha Dunia cha Upasuaji wa Dharura (WSES) haupendekezi njia hiyo hadi pale ushahidi zaidi utakapopatikana. Viuavijasumu hutolewa kwa mjamzito sambamba na upasuaji, si badala yake.

Baada ya upasuaji

Mama hubaki wodini akifuatiliwa kidonda, joto la mwili na dalili za uchungu. Akisharuhusiwa kurudi nyumbani, anapaswa kurejea hospitali mara moja akiona damu au maji yakitoka ukeni, tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio, mtoto akipunguza kucheza, homa, kidonda kutoa usaha, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Dalili hiyo ya mwisho huweza kuashiria damu kuganda kwenye mshipa, tatizo ambalo uwezekano wake huongezeka wakati wa ujauzito na baada ya upasuaji.

Mama anapaswa kuendelea na kliniki kama kawaida na kumweleza mhudumu kuwa amefanyiwa upasuaji huo. Kutolewa kidole tumbo peke yake si sababu ya kujifungua kwa upasuaji. Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida.

Ucheleweshaji unaoweza kuepukwa

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye kituo, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Kwa ugonjwa wa kidole tumbo, yote matatu huongeza uwezekano wa kupasuka.

Ucheleweshaji wa kwanza huanzia nyumbani. Maumivu ya tumbo la mjamzito mara nyingi huitwa chango na kutibiwa kwa mitishamba, au mama humeza dawa za maumivu na kusubiri. Dawa hizo humpa nafuu ya muda wakati ugonjwa ukiendelea, na baadhi, zikiwemo diklofenaki na ibuprofeni, hazipaswi kutumiwa na mjamzito bila ushauri wa daktari. Inafaa pia kufahamu kuwa kidole tumbo kinapotoboka, maumivu huweza kupungua kwa muda kabla ya kurudi yakiwa makali tumbo zima. Nafuu ya ghafla baada ya maumivu makali si uthibitisho wa kupona.

Kuhusu usafiri, nchini Tanzania upo mfumo wa m-mama unaoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Simu hupigwa bila malipo kupitia namba 115, na mama husafirishwa kwa gari la wagonjwa au, pale lisipopatikana, kwa gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa. Zahanati haifanyi upasuaji huu. Kazi yake ni kumpokea mama, kumpa huduma ya awali na kumpa rufaa mapema kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji na wataalamu wa uzazi.

Hatua ya tatu nayo huihusu familia. Mama afike na kadi yake ya kliniki ili umri wa mimba na historia yake vijulikane bila kupoteza muda. Asilazimishwe kula au kunywa kabla hajaonwa na daktari, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Upasuaji ukishauriwa, ridhaa isicheleweshwe kwa kusubiri ndugu aliye safarini. Mama mwenye fahamu zake anayo haki ya kuelezwa hali yake na kuamua.

Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi nchini Tanzania vimepungua hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Kila mama anayefikishwa hospitali kidole tumbo kikiwa hakijapasuka anaongeza uwezekano wa kurudi nyumbani akiwa salama, na mimba yake ikiendelea kukua. Mjamzito mwenye maumivu ya tumbo yasiyokoma kwa saa kadhaa, hasa yakiwa upande wa kulia na kuambatana na kutapika au homa, afikishwe kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo.