Saruji Iliyookoa Meno

Msomaji, jino ni kiungo kidogo, lakini mtu mzima akilipoteza halioti tena. Zamani matabibu wa meno walijua kuziba pengo kwa jino la bandia, ila hawakujua kufanya hivyo bila kuyadhuru meno jirani. Saruji yao, iliyokorogwa kwa unga wa zinki na asidi ya fosforiki, haikunata juu ya jino. Ilijaza mwanya tu, kama kabari ishikavyo mpini wa jembe. Kwa hiyo tabibu aliyachonga meno mawili mazima ya kando ya pengo, akayavika vifuniko vya madini, na jino la bandia likaning'inia katikati kama daraja. Jino moja lilipotea. Mawili yakaadhibiwa pasipo kosa.

Mwaka 1955 Michael Buonocore, mtafiti wa Rochester, Marekani, alitangaza njia nyingine. Alijua kuwa viwandani madini yalipakwa asidi ya fosforiki kwanza ili rangi ishike. Kwa nini meno yasifanyiwe vivyo hivyo? Alipaka asidi hiyo, yenye nguvu ya sehemu 85 katika 100, juu ya jino kwa nusu dakika, kisha akaiosha. Gamba la jino likapata vishimo visivyoonekana kwa macho. Plastiki laini ikapenya humo, ikaganda, ikashika. Asidi, adui aozeshaye meno, ikawa mlinzi wake. Kweli, dawa ya moto ni moto.

Mwaka 1962 Rafael Bowen, Mmarekani, alipata hataza ya plastiki iliyo imara zaidi. Mwaka 1973 Alain Rochette wa Ufaransa aligandisha kibati chenye matundu nyuma ya meno ya mbele. Miaka ya 1980 ilipoanza, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland waliyatia vishimo madini yenyewe, na pande zote mbili zikashikana. Sasa daraja liliweza kubandikwa kwa kuchonga jino kidogo sana. Daraja la namna hii huweza kubanduka; lakini likibanduka, mara nyingi jino jirani hubaki zima, na kazi hurudiwa.

Basi zingatia, msomaji: vizazi vingi vililaumu saruji, kumbe mahali pa kushika hapajatayarishwa. Ajuaye kutayarisha hahitaji kuharibu.